Je, Dawa ya Moto ni Moto?



Juma lililopita tulikuwa darasani, tukiwafundisha watoto wa mwaka wa sita somo la dini. Somo lenyewe lilihusu amri ya Bwana wetu ya kuwapenda adui. Tulilieleza kwa maneno mazuri, kama tulivyofundishwa sisi wenyewe zamani katika seminari, na tulidhani kwamba kazi imekwisha. Hapo mtoto mmoja wa viti vya nyuma akainua mkono. Ni mtoto aliyefika katika parokia yetu pamoja na mama yake, wakiwa wamekimbia vita, na kila mtu darasani ajua kwamba baba yake hakufika pamoja nao. Akasimama, akauliza kwa heshima: « Mwalimu, yule aliyemwua baba yangu, naye nimpende? »

Darasa lote likanyamaza. Kabla hatujafungua kinywa, mwenzake mmoja akamjibia kwa sauti kuu: « Dawa ya moto ni moto! » Wengine wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mtoto yule hakucheka. Alibaki amesimama, akitutazama na kungoja jibu.

Twakiri mbele yenu: siku ile hatukumjibu. Kengele ililia, nasi tukashukuru kwa kuwa imelia. Lakini swali lile lilitufuata mpaka nyumbani, nasi hatukulipatia usingizi. Leo twataka kujaribu kulijibu hapa, mbele yenu wazazi na mbele yenu wanafunzi, kwa maana twajua kwamba si mtoto yule peke yake anayeliuliza. Wengi huliuliza moyoni, wakiona haya kulitamka kanisani.

Amri hii yasema nini?

Tuanze na Maandiko Matakatifu. Katika kitabu cha Mwanzo twasoma habari za Lameki, mtu wa kizazi cha Kaini. Lameki alijisifu mbele ya wake zake kwamba amemwua mtu kwa jeraha alilotiwa, na kwamba kisasi chake kitakuwa mara sabini na saba. Ndiyo desturi ya mwanadamu asiye na sheria: ukinikata kidole, nitachoma kijiji chako. Baadaye ikaja sheria ya Musa, jicho kwa jicho na jino kwa jino. Watu wengi hudhani kwamba sheria ile ilifundisha ukatili. Sivyo. Ilikuja kuweka mpaka: jicho moja kwa jicho moja, wala si zaidi. Ilimzuia Lameki asichukue sabini na saba.

Kisha akaja Bwana wetu Yezu Kristu, akapanda mlimani na kufundisha. Alisema kwamba jicho kwa jicho halitoshi tena. Aliwaamuru wafuasi wake wawapende adui zao, wawatendee mema wanaowachukia na kuwaombea wanaowatesa. Sababu aliyoitoa ni hii: Baba yetu wa mbinguni hawanyimi wabaya jua lake wala mvua yake. Shamba la mwizi lapata mvua sawasawa na shamba la mtu mwema. Na Petro alipouliza kama yatosha kusamehe mara saba, Bwana alimjibu kwa kulitaja lile hesabu la Lameki, lakini aligeuza maana yake. Alipokuwa amesimama Lameki na kisasi chake, Bwana alisimamisha msamaha.

Naam, amri ni nzito. Lakini tusiifanye nzito kuliko alivyoiweka Bwana mwenyewe. Wengi huanguka hapa kwa sababu ya neno « kupenda ». Katika lugha yetu twasema: napenda ndizi, napenda wimbo huu, nampenda mtoto wangu. Neno ni lilo hilo moja. Basi mtu akiambiwa ampende adui yake, hufikiri kwamba ni lazima aione tamu sura ya mtu yule, na moyo wake ufurahi amwonapo njiani. Hujaribu, hushindwa, halafu husema: « Mimi si mtakatifu. Amri hii ni ya mapadri na masista. »

La, ndugu wapenzi. Kumpenda adui ni kumtakia mema na kumtendea mema, hata ikiwa moyo bado unauma. Hisia za moyo haziji kwa kuitwa, wala haziondoki kwa kufukuzwa. Lakini ulimi wako unaweza kuuzuia. Mikono yako unaweza kuituma. Magoti yako unaweza kuyapiga. Basi Bwana huanza na hivyo vilivyo katika uwezo wako, na moyo utafuata nyuma polepole, kama mtoto mdogo afuatavyo wakubwa wake njiani.

Tena amri hii haisemi kwamba ubaya ni wema. Haisemi kwamba aliyeua hakuua, wala kwamba hakimu afunge kitabu chake na kwenda nyumbani. Tutaliona jambo hilo mara moja katika habari za mtu wa nchi yetu.

Karamu ya Samaria

Lakini kwanza sikilizeni habari moja ya Agano la Kale, iliyo katika kitabu cha pili cha Wafalme. Mfalme wa Waaramu alikuwa akipigana na Waisraeli. Alituma farasi, magari ya vita na jeshi kubwa usiku, wauzunguke mji wa Dothani ili wamkamate nabii Elisha. Nabii akaomba, na Mungu akayapiga macho ya askari wale wasitambue mahali walipo. Elisha akawaongoza mpaka ndani ya Samaria, mji wa mfalme wa Israeli. Walipofumbuliwa macho, kumbe, wamo katikati ya adui zao!

Mfalme wa Israeli akaona bahati imemwangukia mikononi. Akamwuliza nabii kama awapige. Elisha akamkataza. Akamwamuru awape chakula na maji, wale, wanywe, kisha warudi kwa bwana wao. Mfalme akawaandalia karamu kubwa. Wakala, wakashiba, wakaenda zao. Na Maandiko yasema kwamba vikosi vya Waaramu havikuingia tena kunyang'anya katika nchi ile.

Tazameni jambo hilo vizuri. Kama mfalme angaliwaua, kila askari angaliacha ndugu nyumbani wa kumlipia kisasi. Lakini askari aliyerudi kwao na mkate wa adui tumboni, atawaambia nini wenzake? Atamwinulia nani mkuki?

Hata hivyo tusidanganyane. Si kila karamu huzima vita. Mara nyingine adui hula chakula chako na kesho akurudie kwa silaha. Bwana hakutuahidi kwamba adui atageuka. Alituahidi kwamba sisi tutakuwa wana wa Baba yetu.

Isidori Bakanja

Tuje sasa katika nchi yetu ya Kongo. Isidori Bakanja alikuwa kijana wa kabila la Wamongo, msaidizi wa waashi katika mji wa Coquilhatville, uitwao leo Mbandaka. Alibatizwa na mapadri Watrapisti tarehe 6 Mei 1906. Tangu siku ile rozari na skapulari ya Bikira Maria havikumtoka mwilini. Baadaye alikwenda kufanya kazi ya nyumbani kwa mzungu mmoja wa kampuni, akafika naye katika kituo cha Ikili.

Mkubwa wa kituo kile, wakala aliyeitwa Van Cauter, aliwachukia wamisionari na dini yao. Alimkataza Isidori kusali na kuwafundisha wenzake, akamwamuru avue skapulari. Isidori hakuivua. Katika mwaka 1909 wakala yule aliamuru apigwe kwa kiboko cha ngozi ya tembo, chenye misumari. Viboko vilipita mia moja. Mgongo wote ukawa kidonda kimoja. Kisha akafungwa minyororo. Ilipojulikana kwamba mkaguzi wa kampuni yu njiani, wakala alitaka kumwondoa pale ili asionekane. Lakini Isidori alijificha msituni, na mkaguzi alipopita akamtokea akijikokota, akamwonyesha mgongo wake.

Mkaguzi alimchukua atibiwe, lakini vidonda vilikuwa vimekwisha kuoza. Mwezi wa Julai mapadri wawili walimfikia, wakamwungamisha na kumpa Sakramenti Takatifu, wakamhimiza amsamehe aliyempiga. Isidori aliwajibu kwamba hana chuki naye, tena kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909, siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Wapenzi, katika habari hii tunataka mwangalie mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, Isidori alisamehe, na aliahidi kumpa adui yake zawadi iliyo kubwa kuliko zote alizoweza kumpa, yaani sala zake mbele ya Mungu. La pili, Isidori hakuficha ukweli. Hakusema kwamba alianguka mtini. Alimtokea mkaguzi, akauonyesha mgongo wake. Walipomwuliza nani aliyempiga na kwa sababu gani, alieleza. Kwa njia hiyo ubaya ule ulijulikana, na habari yake ilifika mbele ya mahakimu. Kinywa kimoja kilitoa ushahidi na msamaha, na hivyo viwili havikupigana. Basi yeyote atakayewaambia kwamba Mkristu anayesamehe hana ruhusa ya kushitaki, mwonyesheni mgongo wa Bakanja. Tunachokatazwa ni chuki na kisasi. Haki hatukukatazwa.

Anuarite wa Bafwabaka

Wa pili mwamjua wote. Sista Mari-Klementina Anuarite alizaliwa Wamba mwaka 1939, akaingia shirika la Jamaa Takatifu huko Bafwabaka. Husemwa kwamba jina lake kwa lugha ya kwao lina maana ya mtu anayeicheka vita. Tarehe 29 Novemba 1964, wakati wa uasi, wapiganaji walioitwa Simba waliwapakia masista katika lori, wakawachukua mpaka Isiro. Huko kanali mmoja wao, jina lake Olombe, alitaka kumlazimisha Anuarite kumtii katika dhambi. Sista alikataa. Akapigwa vikali. Kati ya mapigo yale alimwambia kanali kwamba anamsamehe, kwa sababu hajui analolifanya. Walimchoma kwa visu vya bunduki, na kanali akampiga risasi. Ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964. Alikuwa hajatimiza miaka 25.

Siku Papa Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza Mwenye Heri huko Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985, mwuaji alikuwa bado hai. Na Baba Mtakatifu, mbele ya umati wa watu, alitangaza kwamba yeye naye anamsamehe mwuaji kwa moyo wote, kwa jina la Kanisa zima. Sista alikuwa ametangulia kusamehe miaka ishirini nyuma. Kanisa lilifuata nyayo za binti yake.

Angalieni tena jambo moja. Wala Isidori wala Anuarite hawakungoja adui aombe radhi. Kama wangalingoja, wangalikufa bila kusamehe. Sisi husema: « Nitamsamehe siku atakapokuja kupiga magoti. » Kumbe kwa maneno hayo twampa adui funguo za moyo wetu, akae nazo mpaka atakapopenda.

Panga chini ya Msalaba

Labda mtasema: « Hao ni Wenye Heri. Tupe watu kama sisi. » Wako. Marehemu Papa Fransisko alipokuwa Kinshasa, tarehe 1 Februari 2023, alikutana na watu waliotoka upande wetu wa mashariki: Butembo na Beni, Goma, Bunia, Bukavu na Uvira. Walikuwa watu waliochomewa nyumba, wanawake waliotekwa na kutendewa aibu, watoto walioona wazazi wao wakiuawa. Mmoja baada ya mwingine walisimulia yaliyowapata, bila kuficha. Kisha waliweka chini ya Msalaba wa Kristu vitu vya mateso yao. Kijana mmoja aliyeuawa baba yake aliweka panga, mfano wa panga lililomwua, akasema kwamba amesamehe.

Hapo napo mwaona mambo yale mawili. Waliusema ukweli wote, tena mbele ya ulimwengu wote. Na panga hawakulirudisha kwa aliyelileta. Walilipeleka kwa Yule aliyeuawa naye pia bila hatia.

Unga wa Mama Tereza

Baada ya habari hizo kubwa, twaona haya kuleta ya kwetu, iliyo ndogo. Lakini huenda iliyo ndogo ikawafaa wengi, maana wengi wetu adui zetu si makanali, ni jirani.

Miaka kadhaa iliyopita, mwalimu mwenzetu mmoja alitusingizia kwa wakubwa kwamba tumekula pesa zilizoletwa na wazazi. Tukasimamishwa kazi muda wa miezi mitatu, bila mshahara. Mwishowe ukweli ukajulikana, tukarudishwa. Yeye hakusema neno. Mwaka mzima hatukusalimiana. Na kila Dominika tulipokea Komunyo Takatifu, sisi tukitoka benchi la kuume, yeye akitoka benchi la kushoto, kila mmoja akitazama sakafu asimwone mwenzake. Twaandika hayo kwa aibu, sisi tunaowafundisha wengine.

Jioni moja ya masika, mke wake alifika mlangoni petu. Mume wake alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa, akavunjika mguu. Mshahara ulikuwa haujafika, na watoto hawakula tangu jana. Mama yule alisimama uani chini ya mvua, hakuthubutu hata kupiga hodi. Sisi tulikuwa tukisahihisha madaftari. Tulimwona, tukainamisha kichwa juu ya madaftari.

Mke wetu hakuinamisha kichwa. Alimkaribisha, akampa kiti karibu na moto, akasikiliza. Kisha akafungua debe la unga, nalo halikujaa, akagawa sawasawa: nusu kwetu, nusu kwao. Akaongeza maharagwe. Mama yule alipokwisha kwenda, tukasema kwa hasira: « Mama Tereza, wajua umempa nani unga wetu? » Akajibu, akiendelea na kazi yake: « Najua, Baba Tereza. Nimewapa watoto wenye njaa. Na kesho asubuhi wewe utawapelekea kuni, kwa kuwa baba yao hawezi kupasua. »

Tulilala tukibisha moyoni. Asubuhi tulibeba kuni. Tukafika, tukaziweka uani, tukataka kukimbia. Lakini mtoto mdogo wa nyumba ile akatushika mkono, akatuvuta ndani. Mwenzetu alikuwa kitandani. Alipotuona, akageuza uso ukutani. Tukamwuliza mguu waendeleaje. Akajibu bila kugeuka: « Waendelea. » Basi, hayo tu ndiyo maneno ya siku ile.

Je, aliomba radhi baadaye? Hapana, mpaka leo hajatamka neno lile. Lakini twasalimiana, na watoto wetu huenda shule pamoja. Tena kuna jambo ambalo hatukulitazamia. Usiku wa siku ile ya kuni, kwa mara ya kwanza tangu mwaka mzima, tulilala bila kurudia kichwani maneno tuliyotaka kumwambia. Hatujui kama unga ule ulimponya yeye. Sisi ulituponya.

Tufanye nini basi?

Wazazi, na ninyi wanafunzi, yafaa tusitoke hapa mikono mitupu. Haya ni machache tunayoweza kuyaanza juma hili hili.

Kwanza ulimi. Usimsimulie kila mpita njia ubaya wa adui yako. Mwambie anayeweza kuleta msaada: baba paroko, wazee, hakimu. Kwa wengine nyamaza. Neno la chuki likirudiwa mara mia huota mizizi mia.

Pili sala. Mtaje adui yako kwa jina lake mbele ya Mungu, kila siku, hata kwa neno moja tu: « Umwone, Bwana. » Ni vigumu kumchukia kwa muda mrefu mtu unayemwombea kila siku.

Tatu tendo moja dogo. Usingoje siku ya kutenda jambo kubwa. Salamu, ndoo ya maji, kumrudisha mbuzi wake aliyepotea. Mwanafunzi, mwenzako aliyekutukana amesahau kalamu siku ya mtihani? Kama unazo mbili, mpe moja, wala usimkumbushe matusi yake.

Nne watoto. Wazazi, tusiwarithishe watoto wetu adui zetu. Tunawaachia mashamba na mbuzi, nasi twawaachia pia majina ya watu wa kuchukia, na urithi huo wa pili ndio unaoteketeza ule wa kwanza. Mwambie mtoto ukweli wa yaliyotokea, usimfiche. Lakini mwambie pia kwamba mtoto wa adui hakutenda lolote.

Na tano haki. Penye wizi, penye kuumiza, penye damu, shitaki kwa njia iliyo halali, toa ushahidi wa kweli, jilinde, linda watoto wako. Mama anayepigwa nyumbani asiambiwe kwamba kusamehe ni kungoja kupigwa tena. Kumwacha mtu aendelee na ubaya wake si kumtakia mema.

Jibu letu kwa mtoto yule

Yabaki maneno ya yule mwanafunzi mwingine, kwamba dawa ya moto ni moto. Tulimwendea mzee mmoja mkulima wa parokia yetu, mtu asiyejua kusoma, tukamwuliza juu ya methali hiyo. Akacheka. Akasema: « Mwalimu, methali ni ya kweli, lakini ninyi mwaisoma vibaya. Moto wa kiangazi ukija kutoka porini kuelekea nyumba yako, hukimbii kuwasha moto kwa jirani. Unachoma majani makavu yanayoizunguka nyumba yako mwenyewe, kwa uangalifu, kabla ule mkubwa haujafika. Ukifika, haukuti cha kula. Unakufa hapo. »

Hiyo ndiyo dawa. Moto wa adui hutafuta majani makavu ndani yetu: chuki, hasira iliyowekwa akiba, tamaa ya kisasi. Ukiyakuta, moto wake huwa moto wetu, na kesho twachoma nyumba za watu tukisema kwamba ni yeye aliyeanza. Yateketezeni hayo kwanza, ndugu, kwa moto wa upendo wa Kristu, hata kama kuyateketeza kunaunguza mikono.

Jana tulimwita mtoto yule baada ya masomo, tukaketi naye chini ya mwembe. Hatukumwambia kwamba ni lazima aone upendo moyoni leo. Tulimwambia kwamba Mungu aliyaona yaliyompata baba yake, na kwamba ubaya ule ni ubaya, wala Kanisa haliuiti kwa jina jingine. Tulimwambia kwamba ana haki ya kulia, na ana haki ya kutamani mwenye hatia asimame mbele ya hakimu. Kisha tukamwambia kwamba Bwana anamwomba jambo moja: asiwe kama yule aliyemwua baba yake. Na njia ya kutokuwa kama yeye ni kumwombea, hata kwa meno yaliyokazwa.

Mtoto akafikiri sana. Akasema: « Mwalimu, mama hutusalisha kila jioni. Lakini katika sala ya Baba Yetu, tukifika mahali pa kuwasamehe waliotukosea, mama hunyamaza. Sisi watoto huendelea, yeye hunyamaza, halafu huingia tena mbele. »

Wasomaji wapenzi, tulikosa neno kwa kitambo. Kisha tukamwambia: « Mwanangu, mwambie mama asiache kusali. Mungu anakusikia hata kunyamaza kwake. Na ninyi watoto, mkifika mahali pale, semeni polepole, mumngoje. »

Tunawaomba nanyi nyote, jioni hii mtakaposali pamoja katika jamaa zenu, mfikapo mahali pale, mpunguze mwendo kidogo. Mkumbukeni mama yule, na kila mmoja wenu amtaje moyoni yule anayemshinda kumsamehe. Anayeweza kusema, aseme. Asiyeweza bado, anyamaze mbele ya Mungu, lakini asitoke katika sala.

Bwana awabariki, na Mwenye Heri Isidori na Mwenye Heri Anuarite watuombee. Kwa herini mpaka juma lijalo.